Spotted Gum, Blackbutt au Silvertop Ash: kisa cha nyumba moja ya mbao kusini mwa New South Wales

Dada mmoja wa Tanga, nesi, ameolewa huku Australia na yeye na mumewe wakanunua ploti nje kidogo ya Bermagui, kule chini kabisa pwani ya New South Wales, wakataka nyumba iliyovalishwa mbao ukuta wote wa nje. Mi ni fundi seremala na kontrakta ninayefanya naye kazi ndo alipata hiyo tenda, kwa hiyo nimeikuta ile kazi ikiwa bado pleni tu kwenye karatasi mpaka msumari wa mwisho. Nimeamua kuielezea yote kwa sababu kila nikituma picha naulizwa "hiyo mbao gani?" tu, wakati kwenye ile nyumba swali hilo lilikuwa la tatu au la nne kwenye foleni.

Kwanza tuelewane kuhusu mbao yenyewe. Hizi hardiwudi za Australia ambazo watu wanalipia hela ndefu, nyingi ni mikaratusi au ndugu zake wa damu. Nikiwaambia watu wa nyumbani wanacheka, maana kwetu mkaratusi ni nguzo ya umeme, ni miti ya kuegemeza zege, ni kuni za kiwanda cha chai, ukipasua mbao inajipinda kama ina hasira. Sawa, ni kweli inajipinda, lakini ile ya kwetu inakatwa ikiwa bado changa, imekua mbio mbio, ina mvutano mkubwa ndani ya gogo, na sehemu kubwa yake ni mti mweupe wa nje ambao haujakomaa. Hii ya huku inatoka kwenye magogo makubwa ya msitu wa asili, kiini chake kimejaa kemikali zake zenyewe za kufukuza kuvu na wadudu, halafu inapasuliwa na kukaushwa polepole, kwanza hewani, kisha kwenye tanuri mpaka unyevu ushuke kati ya asilimia 9 na 14. Ukoo ni mmoja, malezi ndo yametofautiana.

Sasa ploti. Iko kwenye mteremko, upande wa magharibi na kusini-magharibi kuna msitu wa mikaratusi unaoshuka mpaka kwenye kijito, upande wa mashariki uwazi unaoelekea baharini. Bahari haionekani lakini upepo wake unafika na chumvi unaisikia mdomoni. Cobargo iko kama kilomita 20 hivi kutoka hapo, na aliyefuatilia habari za moto wa 2019-20 analijua hilo jina, asubuhi ya tarehe 31 Desemba 2019 moto uliingia pale ukala sehemu ya mtaa mkuu. Msimu ule nchi nzima ziliungua zaidi ya hekta milioni 24, watu 33 wakafa, nyumba zaidi ya 3,000 zikaondoka. Kwa hiyo eneo hilo ukisema "nataka nyumba ya mbao karibu na msitu" watu wanakuangalia mara mbili.

Kabla ya kuchagua chochote anakuja mtaalamu wa kupima hatari ya moto. Anaangalia aina ya msitu, umbali kutoka ukutani, na mteremko, kwa sababu moto unaopanda mlima una kasi kuliko unaoshuka, kanuni ya wazimamoto ni kwamba kila nyuzi 10 za mteremko unaopanda kasi inakaribia kuwa mara mbili. Msitu ukiwa ndani ya mita 100 kutoka nyumba lazima upimiwe. Majibu yanakuja kwa alama inayoitwa BAL, inaanzia ya chini kabisa, kisha 12.5, 19, 29, 40, na ya juu kabisa inaitwa FZ, yaani hapo unategemewa kufikiwa na ndimi za moto wenyewe. Hizo namba si za kubuni, ni kilowati za joto zinazopiga kila mita ya mraba ya ukuta. Jua la saa sita mchana kweupe ni karibu kilowati 1. Ploti ya dada ilipata BAL-29. Hesabu mwenyewe ni majua mangapi hayo.

Na hapo ndo akitekti alipopata shida, kwa sababu pleni yake ilikuwa imeandikwa western red cedar, ile mierezi ya kutoka Canada, nyepesi, laini, inanukia vizuri, na shemeji alishaipenda toka siku ya kwanza. Mierezi ina uzito wa kama kilo 370 tu kwa mita ya ujazo. Standadi ya huku ya kujenga kwenye maeneo ya moto, AS 3959, kwa BAL-12.5 na BAL-19 inakubana hasa kwenye zile milimita 400 za chini ya ukuta, hapo unaweza kuweka mbao yoyote nzito iliyo kwenye orodha yao ya kilo 750 na kuendelea, juu yake una uhuru kidogo. Ukifika BAL-29 uhuru huo unaisha, ukuta wote unatakiwa uwe wa kitu kisichoungua au mbao iliyothibitishwa kuhimili moto wa msituni. Na BAL-40 hata hizo haziruhusiwi hivi hivi, lazima ukuta mzima upimwe maabara kama mfumo mmoja.

Mbao zinazokubalika BAL-29 bila kupakwa wala kuchomwa dawa yoyote ni saba tu: Blackbutt, Spotted Gum, Red Ironbark, River Red Gum, Silvertop Ash, Turpentine na Kwila. Kipimo chao ni kwamba kipande cha mbao kinapigwa joto la kilowati 25 kwa mita ya mraba, kikishika moto wanapima kinatoa joto kiasi gani, kisizidi 100 wakati wowote na wastani wa dakika 10 za mwanzo usizidi 60. Yaani hawasemi mbao haiungui, wanasema inaungua kwa uvivu. Inatengeneza mkaa juu na ule mkaa unaikinga ya ndani. Watu wengi wanalichanganya hili, wanadhani ukinunua Spotted Gum umenunua jiwe.

Dada alivyoona orodha akauliza, "Kaka, sasa si tuchukue tu ya bei rahisi kati ya hizo saba?" Swali zuri, ila orodha ya moto inajibu moto tu. Haikwambii mbao itaoza lini, italiwa na mchwa au la, itatema rangi kwenye sakafu yako au la, wala kama utaipata kwa urefu unaoutaka.

Kwa hiyo tukaanza kuzipunguza. Kwila ilitoka mapema, ni mbao nzuri sana lakini nyingi inaagizwa kutoka visiwa vya huko kaskazini na wao walitaka ya Australia, mwisho wa habari. River Red Gum ni ya kule mto Murray, nyekundu, imepinda pinda, ukipata vipande virefu vilivyonyooka umebahatika. Turpentine inasifika kwa nguzo za gati, wadudu wa baharini hawaiwezi, ila ina mchanga mchanga ndani unaomaliza meno ya msumeno na viwanda vichache vinaitengeneza kwa kladingi, yaani mbao za kuvalisha ukuta. Red Ironbark ni daraja la 1 la uimara, lile la juu kabisa, kila kona, juu ya ardhi na ndani ya ardhi, lakini inafika kilo 1,100 kwa mita ya ujazo na bei yake inaendana na sifa. Tukabaki na tatu: Spotted Gum, Blackbutt na Silvertop Ash.

Hapo ndo mjadala ulipokuwa mtamu maana kila mtu alikuwa na yake.

Shemeji akataka Silvertop Ash. Sababu yake ya kwanza ilikuwa ya moyo, ule mti ni wa kule kule, unaota kwenye milima ya nyuma ya Eden na Bega, yaani nyumba ivae mti wa nyumbani. Ya pili ni rangi, ukiiacha bila kupaka inageuka kijivu cha fedha kizuri, maakitekti wanaipenda kwa hilo. Mi sikuwa na ubishi na sababu zake. Ila nikamwambia shemeji angalia hizi namba mbili: juu ya ardhi ni daraja la 2, ambalo makadirio yake ni miaka 15 mpaka 40, wakati Spotted Gum na Blackbutt ni daraja la 1, zaidi ya miaka 40. Na kwenye standadi ya uimara Silvertop Ash imeandikwa haihimili mchwa, zile mbili zinahimili. Mtu aliyekulia Tanga ukimtajia mchwa huhitaji kuongeza neno. Dada akamgeukia mumewe akasema, "Hiyo ya mchwa mi sitaki hata kuisikia."

Kiukweli mchwa ukutani ni suala la namna unavyojenga chini zaidi ya mbao yenyewe, ukiacha ule ukanda wa milimita 75 wa zege unaoonekana ili mtu aone kama wamejenga njia ya udongo, na ukuta ukakauka vizuri, Silvertop Ash inaishi bila shida, zipo nyumba kibao. Lakini mwenye nyumba akishaogopa kitu usimlazimishe, atakuwa analala na tochi.

Tahadhari moja hapo hapo. Muuzaji mmoja alituma kotesheni ya mbao nyingine kabisa yenye "ash" kwenye jina, ya bei nafuu, ile inayotoka kwenye mikaratusi mirefu ya Victoria. Hiyo ni mbao ya ndani, ya sakafu na fanicha, juu ya ardhi ni daraja la 3, na kwenye ile orodha ya saba haipo. Akitekti alikuwa tayari kuipitisha. Mtu akikuuzia mbao ya huku mwombe jina la kitaalamu la mti, kama ni Silvertop Ash iandikwe Eucalyptus sieberi, kama ni Blackbutt iwe Eucalyptus pilularis, maana majina ya dukani yanafunika miti mitatu minne kwa mpigo.

Kwa hiyo Blackbutt au Spotted Gum. Kwa uimara zinafanana. Blackbutt ni ya rangi ya asali, imetulia, uzito kama kilo 930. Spotted Gum inafika 1,010, rangi inaruka kutoka kahawa ya maziwa mpaka chokoleti, na ina mawimbi kwenye nyuzi zake ambayo mtu akiyaona mara ya kwanza anadhani yamechorwa. Ukiigusa ikiwa imetoka kurandwa ina utelezi kama wa nta. Wauzaji wanapenda kukutajia ugumu wa kubonyezwa, Spotted Gum ina 11, Blackbutt ina 9.1, sasa ugumu huo ni habari ya sakafu jamani, ukutani hakuna anayepita na viatu vya kisigino.

Kilichoamua kikawa ni upatikanaji. Huku mambo ya kukata msitu wa asili yamebadilika sana ndani ya muda mfupi. Victoria na Australia Magharibi zote zilifunga ukataji wa kibiashara kwenye misitu ya asili ya serikali kuanzia Januari 2024, na ndo maana hata mbao mpya ya jarrah ya kule magharibi imekuwa ya kutafuta kwa tochi. New South Wales bado wanakata, ila Septemba 2025 serikali ilitangaza mipaka ya hifadhi kubwa ya koala, yule mnyama anayeishi juu ya mikaratusi, kule pwani ya kati kaskazini na kusimamisha ukataji kwenye hekta 176,000 za msitu wa serikali, na kule ndo kwenyewe kwa Blackbutt. Kiwanda tulichokuwa tunaongea nacho hakikuweza kutuahidi mita zote kwa urefu tulioutaka. Spotted Gum nyingi inatoka New South Wales na Queensland, sehemu kubwa ya ile ya Queensland ni kwenye misitu ya watu binafsi, wafugaji wenye ardhi kubwa wanaovuna kidogo kidogo, kwa hiyo mzigo ulikuwepo.

Shemeji akawa na swali la koala, atajuaje mbao yake haiharibu makazi yao, na si swali la kejeli. Tukamwonyesha cheti cha mnyororo wa mbao, kile kinachoifuatilia toka msituni mpaka kwa mnunuzi, kuna FSC na kuna Responsible Wood ambayo iko chini ya PEFC. Nilichomwambia ni kwamba nembo kwenye tovuti ya muuzaji haina maana yoyote, unachotaka ni madai ya cheti yaandikwe kwenye invoisi ya mzigo wako wewe, na namba ya cheti. Isipoandikwa hapo umenunua mbao ya kawaida kwa bei ya yenye cheti. Wakaulizia pia mbao za zamani, zile zinazotolewa kwenye madaraja na magati yaliyovunjwa. Ni nzuri na zimekauka mpaka basi, ila misumari iliyobaki ndani inakula visu vya randa, mita za mraba 140 za unene mmoja hazipatikani kirahisi, na mkaguzi wa BAL anataka uthibitisho wa aina ya mti. Gati la miaka 80 limejengwa kwa mchanganyiko, nani atamthibitishia?

Basi Spotted Gum. Unene milimita 19, zinasimama wima, sura ya milimita 130. Ukizidisha, ukuta unabeba kama kilo 19 kwa kila mita ya mraba, jumla tani mbili na nusu na ushee zinaning'inia nje ya nyumba. Mierezi ingekuwa chini ya tani moja. Injinia aliangalia tena fremu, akabadilisha nafasi za nguzo sehemu mbili, na sisi mabega yetu yakajua.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo kwangu ndo kisa chenyewe. Mbao inaharibikia mgongoni. Mvua ikipiga usoni inakauka na jua, maji yakinaswa nyuma yanakaa, ubao unalowa mgongo na kukauka uso, unajikunja kama kikombe na kung'oa misumari. Kwa hiyo nyuma ya kladingi unaacha nafasi ya hewa, sisi tuliacha milimita 20, na nyuma ya hiyo nafasi kuna membreni inayozuia maji ila inaruhusu mvuke wa ndani ya nyumba kutoka. Kanuni za ujenzi za 2022 zilikaza hapo, kanda za baridi lazima iwe ya daraja la kupumua zaidi, kwa sababu watu walikuwa wanafunga nyumba kwa plastiki halafu wanashangaa ukungu ndani ya kuta.

Nafasi ya hewa inahitaji mlango chini na mlango juu. Na moto wa msituni, nyumba nyingi hauzimalizi kwa ndimi zake, unazimaliza kwa cheche zinazoruka na upepo kutoka mbali zikatafuta pa kuingia. Kwa hiyo ukuta unataka uwazi, moto unataka uzibe! Suluhisho ni wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 2, tulitumia wa stenlesi, umekunjwa chini ya fito la mwisho, fito ndo zile zinazopigiliwa mbao, kwa urefu wote wa ukuta na mwingine juu chini ya paa. Kazi ya kuudhi, unakata vidole, lakini ukiruka pembe moja tu ya sentimita tano ile kazi nyingine yote ni bure.

Jambo hilo hilo ndo liliua wazo la pili la akitekti. Alitaka mbao ziachane, uwazi wa milimita 8 kati ya ubao na ubao, nyuma weusi unaonekana, mtindo wa kisasa. Kwenye picha inapendeza mno. Standadi inasema maungio ya nje yafunikwe, yapandane au yazibwe nyuma kusiwe na upenyo unaozidi milimita 3. Akajaribu kutetea, mkaguzi akamwambia weka shiti ya saruji isiyoungua nyuma yote basi, akapiga hesabu ya gharama, akanyamaza. Tukaenda na mbao zinazopandana kwa ulimi, na kivuli chembamba kimechongwa kwenye ukingo, ukisimama mita tatu hujui tofauti.

Kingine cha mbao za wima ni fito. Mbao za kulala zinapigiliwa kwenye fito za wima na maji yanashuka yenyewe, raha mstarehe. Mbao za wima zinataka fito za kulala, na fito la kulala ni rafu, kila tone linaloingia linakaa juu yake. Kuna fito zilizochongwa mifereji mgongoni, kuna wanaoweka tabaka mbili, wima kwanza halafu za kulala. Sisi tulikuwa na milimita 20 tu kwa hiyo tukachukua zenye mifereji na mgongo wa juu umelazwa kidogo. Nimewahi kufungua ukuta wa mwingine uliopigwa fito za kawaida za kulala, paini ilikuwa laini unaichimba kwa kidole na mbao ya gharama mbele yake nzima kabisa.

Kutanuka. Spotted Gum kwa kila asilimia 1 ya unyevu inayobadilika inasogea kama asilimia 0.38 ya upana wake. Ubao wa milimita 130 umefika saiti ukiwa na unyevu wa asilimia 12, baridi ikija na mvua ikapanda mpaka 16, huo ni ubao uliotanuka karibu milimita 2. Zidisha kwa mbao 60 zilizopangwa zimebanana na utaelewa kwa nini kuta zingine zinafura. Kwa hiyo ulimi haukubanwa mpaka mwisho, tuliweka vipande vya plastiki vya milimita 2 kila ubao, vinatolewa mbele kwa mbele. Kabla ya hapo tulipima kila furushi kwa mita ya unyevu, na hizo mita nyingi zimesetiwa kwa mbao ya Marekani, usiposahihisha kwa Spotted Gum inakudanganya na wewe unaamini namba.

Misumari ni stenlesi ya 316 kwa sababu ya chumvi, ya 304 inatosha bara. Ya mabati hapana. Mbao hizi zina tanini, chuma kikikutana na tanini na unyevu unapata wino, weusi wa bluu unaoshuka kama machozi chini ya kila kichwa cha msumari. Na karibu na ncha ya ubao unatoboa kwanza, bila hivyo unapasua, haina mjadala.

Wino huo tuliuona hata hivyo, siyo kwa misumari. Fundi mmoja wa timu nyingine alikata bomba la chuma kwa grainda kama mita nne kutoka ukuta wa kaskazini, jioni, cheche zikaruka, hakuna aliyejali. Usiku umande ukashuka. Asubuhi ukuta una madoa meusi madogo madogo, mamia, kama mtu amenyunyizia pilipili manga, na dada ndo wa kwanza kufika saiti. Alidhani ni kuvu. Dawa yake ni asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa kwenye maji, unapaka kwa brashi, unasubiri, unaosha kwa maji mengi, glavu na miwani juu. Yaliondoka yote, ila kipande hicho kilibaki kimepauka kuliko jirani zake mpaka kilipopakwa mafuta.

Tanini yenyewe nayo ina adabu zake. Mvua mbili tatu za kwanza maji yanatoka ukutani rangi ya chai ya rangi, na chini kulikuwa na njia ya zege jipya, jeupe. Blackbutt ndo inasifika kwa kutema zaidi lakini Spotted Gum nayo inatema, japo kidogo. Tulitandika plastiki pale chini muda wote na mbao ziliinuliwa milimita 150 kutoka kwenye udongo kama kanuni inavyotaka, maji yanayodunda yasirudi juu.

Mafuta au kuacha igeuke kijivu? Hapa nina msimamo. Vanishi inayotengeneza ngozi juu, ukutani nje, hapana, jua la huku linaipasua, inabanduka vipande na kuirudisha unasugua ukuta mzima. Una njia mbili: mafuta yanayoingia ndani, ambayo utarudia kila mwaka mmoja au miwili, au usipake kitu kabisa. Ukiacha, ujue jua na mvua haviufiki ukuta wote sawa, chini ya ukingo wa paa inabaki kahawia miaka wakati chini imeshakuwa kijivu, na nyumba inaonekana imevaa fulana mbili. Wao walichagua mafuta yenye rangi kidogo. Koti la kwanza tulipaka pande zote nne kabla ya kupigilia, na kila ncha iliyokatwa ikapakwa hapo hapo, kabla hujapanda ngazi. Spotted Gum mbichi ya randa inakataa mafuta kwa sababu ya ule utelezi wake, kwa hiyo tuliziosha kwanza kwa dawa ya kusafishia mbao na kuziacha zikauke.

Kitu cha mwisho kilichobadilika kilikuwa ukuta wa magharibi, ule unaotazama msitu. Wote walikuwa wamepanga mbao kuzunguka nyumba nzima. Mi na kontrakta tukawaambia hivi, BAL-29 inawaruhusu, lakini ukuta huo ndo utapigwa na kila kitu kikija, hakuna mgeni anayeupita, na kuupaka mafuta mtakuwa mnasimama na ngazi kwenye mteremko. Tuvalishe bati la migongo, la kijivu cha mkaa. Akitekti akanuna siku mbili. Shemeji akasema sawa kwa sababu ya bajeti, dada akasema sawa kwa sababu ya kulala. Pale kwenye kona bati linapokutana na Spotted Gum ni sehemu nzuri kuliko zote kwenye nyumba ile, na akitekti sasa anaipiga picha yeye.

Hela iliyobaki hapo ilinunua mbao za ziada za mzigo ule ule, ziko chini ya paa la gereji zimelazwa juu ya vijiti, zimepakwa koti moja, maana rangi ya Spotted Gum ya mzigo mwingine haitafanana. Na siku ya ukaguzi wa mwisho mkaguzi hakugusa hata ubao. Alitazama wavu wa chini kwa tochi, akapitisha rula kwenye maungio manne matano, kisha akaomba invoisi ya kiwanda yenye jina la mti. Ilikuwepo, Spotted Gum, Corymbia maculata, na namba ya cheti chini yake. Akaipiga picha, akasaini.